Bi Mkubwa Hajalala

Mkuu wa kituo alikuwa ameshaimaliza kesi kichwani kabla mpelelezi Msumari hajavua koti la mvua.

"Mkaza mwana kamuua mkwewe," alisema, akichokonoa meno. "Bibi mgonjwa, anapumulia mashine ya oksijeni. Chini ya kitanda kuna betri kubwa na inveta, kazi yake ni moja tu, umeme ukikatika mashine isizimike. Umeme unakatika mchana. Umeme unarudi, bibi ameshapoa. Tunafika, betri ipo, waya umechomekwa, hakuna kilichoharibika. Sasa nani alizima swichi? Aliyechoka kumbadilisha nguo. Ndugu zangu, hesabu ya darasa la kwanza hiyo."

"Amekiri?"

"Atakiri. Mumewe yuko naye huko ndani, anambembeleza asaini. Saa tisa karani wa mahakama anakuja kuchukua karatasi. Kamwone ukitaka, lakini usinivurugie."

Msumari alichukua kiti kutoka kaunta, akakibeba mwenyewe hadi mahabusu ya wanawake. Jina la Msumari alipewa na wezi, si na wenzake. Walisema akikuingia hatoki, na ukimng'oa anatoka na kipande chako.

Mume alikuwa amechuchumaa nje ya nondo. Mwembamba, shati limepigwa pasi, sauti laini kama ya mtu anayemlaza mtoto.

"Saini, mke wangu. Hakimu akiona umekiri mwenyewe anaona huruma. Unafungwa miaka michache, unatoka. Mimi nipo, nakungoja."

"Na nisiposaini?"

"Wataita mauaji ya kukusudia. Wakunyonge. Ndicho unachotaka?"

"Lakini mimi sikuzima kitu, baba."

"Sasa nani kazima? Mimi nilikuwa kazini. Kaka hakutoka chumbani kwake. Labda ulizima hukujua. Mtu akichoka anafanya vitu hajui."

Mwanamke aliinamisha kichwa. Msumari aliona kwamba neno hilo lilikuwa limeshaingia. Amewaona wengi wa namna hiyo, watu wasiovunjwa na kipigo, wanavunjwa na neno labda.

"Toka," alimwambia mume. "Kaa kwenye benchi kule mbele."

"Afande, nilikuwa namshauri tu..."

"Nimekusikia unavyoshauri. Benchi lile pale."

Alipoondoka, Msumari aliweka kiti, akakaa. Mwanamke alikuwa pekupeku. Vidole vyake vilikuwa vimechanikachanika kwa sabuni.

"Mkweo amezikwa lini?"

"Juzi. Sikuruhusiwa kwenda."

"Ulimpenda?"

"Alikuwa mkali. Alinitukana kila nilipomgeuza." Akafikiri kidogo. "Nilimzoea."

"Umeme ulipokatika ulikuwa wapi?"

"Uani, nafua. Redio ya jirani ikanyamaza ghafla, nikajua. Nikaingia mbio, mikono ina povu. Ukitoka uani, chumba cha kwanza ni cha shemeji. Mlango uko wazi, amenipa mgongo, yuko kwenye vyombo vyake vya kupimia. Nikamuuliza, shemeji, vipi Bi Mkubwa? Ndivyo wote tunavyomwita mkwe wangu. Akasema, Bi Mkubwa yuko kwenye betri, hana neno. Nikasema asante. Nikarudi kufua."

"Alisema hivyo hivyo?"

"Naapa, afande. Yuko kwenye betri, hana neno, hajalala hata kidogo. Nikajua yuko macho, anapumua vizuri. Ningejua vingine ningeacha kufua?"

"Shemeji yako Nukta ameandikisha kwamba hakusema nawe neno lolote siku ile. Anasema alikuwa kwenye simu."

"Basi mmoja wetu mwongo," alisema, akacheka kicheko kibaya kisicho na pumzi. "Na aliye nyuma ya nondo ni mimi."

Msumari alisimama. "Usisaini mpaka nirudi."

"Ukichelewa?"

Msumari alinyanyua kiti chake. Hakuwa na desturi ya kuahidi.

*

Mtu aliyekuwa upande wa pili wa simu ile alikuwa fundi wa redio, duka lake upenyo tu kati ya kuta mbili, na ndani yake amejibana mzee wa tumbo kubwa, mkononi chuma cha kulehemu kinatoa moshi.

"Umeleta redio au umeleta balaa?" aliuliza bila kuinua macho.

"Balaa. Niambie habari za Nukta."

"Nukta! Kafiwa, maskini. Nimempa pole kwa simu. Kwenda siendi, tumenuniana."

"Kwa nini?"

"Saa."

"Saa gani?"

Fundi alikiweka chini chuma chake, akafuta jasho. Ilikuwa wazi kwamba miaka mingi hakuna aliyemuuliza swali hilo akakaa kusikiliza jibu.

"Tuko wazee wanne. Wenzetu wanacheza karata, sisi tunashindana kwa saa. Usinicheke. Ndani ya saa yako hiyo kuna kipande cha jiwe la kwatsi, kinatetemeka. Kikipata joto kinatetemeka hivi, kikipata baridi kinatetemeka vile, ndiyo maana saa yako ni takataka. Sisi kipande chetu tunakifungia ndani ya kijitanuri, ukubwa wa ngumi, joto halipandi halishuki. Kinatulia. Kinashika sauti moja kama mwimbaji mzuri. Halafu tunakipima na saa za setilaiti, tuone cha nani kimekosea kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi ambacho mke wangu anasema hakipo."

"Na umeme ukikatika?"

"Ahaa. Hapo ndipo wanaume wanalia. Kijitanuri kikipoa, sauti ile hairudi tena, umbembeleze usimbembeleze. Inarudi nyingine, mbaya, inayumba. Unaanza kulea upya, wiki kwa wiki, mpaka atulie. Na wenzako wanakuona, maana kila asubuhi tunarushiana kwa simu picha za vipimo vyetu. Aliyelala mstari wake umepinda kama mgongo wa paka."

"Aliyelala?"

"Chombo kikikosa umeme tunasema amelala. Wangu analala kila mara, ndiyo maana nimemwita Kifaurongo, kama ule mmea unaojifanya umekufa. Wa Nukta hajalala karibu mwaka wa pili sasa. Jeuri yote ile ni hiyo. Bi Mkubwa hajalala, Bi Mkubwa hajalala, masikio yetu yamechoka."

Msumari alikuwa akichezea kopo la skrubu. Mkono wake ukasimama.

"Nani hajalala?"

"Bi Mkubwa. Chombo cha Nukta. Si ndilo jina alilompa?"

Msumari alirudisha kopo mezani.

"Siku mama yake alipokufa," Msumari alisema polepole, "uliongea naye."

"Mimi ndiye nilimpigia, kumcheka. Mitaa yote haina umeme, na najua betri yake ilivimba kama chura wiki ile. Aliniomba yangu nikamnyima. Nikapiga nimsikie analia. Basi akanitambia! Bi Mkubwa yuko kwenye betri, hana neno, hajalala hata kidogo. Nikamkatia simu."

"Hukumuuliza betri kaitoa wapi?"

"Nimuulize ili iweje? Nilikuwa na hasira."

"Picha ya kesho yake alirusha?"

Fundi alipekua simu yake, akaigeuza. Mstari mwembamba wa kijani, umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Mama wa mtu yuko chumba cha maiti, mwana karusha mstari. Chini yake aliandika: *Mtangoja sana.*

"Funga duka," Msumari alisema.

"Nina wateja."

"Huna hata mmoja. Twende."

*

Nukta aliwafungulia akiwa na soksi tu.

"Msikanyage kwa nguvu," alisema. "Anasikia mtikisiko." Akamwona fundi nyuma ya Msumari, uso ukakunjamana. "Na wewe umekuja kuniwangia?"

"Nimeburutwa," fundi alisema.

Chumba kilikuwa kisafi kuliko hospitali. Dirisha limezibwa kwa magodoro ili joto lisibadilike. Rafu imejaa vyombo vya kupimia vya mitumba, taa zao nyekundu zikihesabu. Katikati, juu ya bamba zito la jiwe, lilikaa boksi lisilozidi mkate, limefunikwa blanketi la sufu la rangi ya maziwa.

"Blanketi zuri," Msumari alisema. "La nani?"

"La mama. Halihitajiki tena."

Fundi alikohoa, akatazama ukutani.

"Pole kwa msiba."

"Ahsante. Alikuwa mtu mzima."

"Hiki ndicho Bi Mkubwa?"

Nukta akanyooka. Alikuwa mtu wa mabega yaliyoanguka, lakini jina lile lilimwinua. "Ndiye. Umesikia habari zake?"

"Nasikia hajalala karibu miaka miwili."

"Hata kufumba jicho."

"Hata siku ile ya mama?"

Macho ya Nukta yalikwenda kwa fundi, yakarudi kwa Msumari. Kwa mara ya kwanza tangu mlango ufunguliwe alikuwa akihesabu kitu kingine.

Msumari alijivutia kigoda, akakaa karibu na boksi, karibu mno. Nukta akapiga hatua.

"Usiegemee, tafadhali."

"Nisikilize, mzee. Mimi saa sizijui. Najua jambo dogo tu. Umeme ulikatika mtaa mzima, mchana kutwa. Betri yako imevimba, iko uani kwako pale nyuma ya pipa, nimeiona nikiingia. Nyumba hii ina betri nyingine moja, ya mama. Betri moja, wagonjwa wawili. Mmoja alilala. Niambie tu ni yupi."

"Ni yule mwanamke. Alizima."

"Sikukuuliza habari za mwanamke. Nakuuliza, Bi Mkubwa alilala au hakulala?"

Nukta aligeukia rafu. Taa nyekundu zikihesabu.

"Ni rahisi," Msumari alisema kwa sauti ya upole, na waliomjua wangeiogopa sauti hiyo kuliko kofi. "Mwambie mwenzako huyu kwamba siku ile Bi Mkubwa alilala. Basi. Kama alilala, betri ilikuwa kwa mama, na mimi naondoka, na shemeji yako anasaini saa tisa. Sema tu: fundi, nilikudanganya, Bi Mkubwa alilala, ule mstari niliuchora mwenyewe."

"Nitamwambia kila mtu," fundi alisema, na hakuwa akimsaidia Msumari. Ilikuwa husuda ya kweli, ya miaka. "Nitawarushia wote leo leo. Nukta anachora mistari."

"Mimi sichori mistari!"

"Basi sema," Msumari alisema.

Jasho lilimtoka Nukta kwenye mdomo wa juu. Alitazama boksi lililofunikwa. Akaweka kiganja juu ya blanketi, taratibu, kama mtu anayepima homa.

"Ali..." alisema. "Siku ile ali..."

Walimngoja. Msumari hakupepesa macho.

"Hajalala," Nukta alisema. "Hajalala kamwe. Ungekuwa na akili ungeuona mstari. Hakuna mtu hapa mjini anaweza kuchora mstari kama ule."

Fundi akakaa chini sakafuni, tumbo lote. "Nukta," alinong'ona. "Nukta, we mtu."

"Walitangaza kwamba umeme utakatika kidogo tu!" Nukta alipaza sauti. "Kidogo! Mama alikuwa anavumilia. Nimemwona mara ngapi anakaa bila mashine, anakaa kitako, anahema, anatukana, lakini anakaa. Mama alikuwa anavumilia. Huyu havumilii. Akipoa amepoa!"

"Shemeji yako alikuja mlangoni akauliza habari za Bi Mkubwa."

"Sikumsikia. Nilikuwa na simu sikioni."

"Ulimsikia akisema asante."

Nukta alinyoosha ukingo wa blanketi.

"Alisema asante, ukajua kaelewa nini, ukamwacha arudi kufua."

"Nilidhani umeme utarudi."

Msumari aliinuka, akatoka chumbani, akaenda hadi chumba cha marehemu. Aliinama chini ya kitanda kilichovuliwa godoro, akashika vishikio vya betri ile, akavuta. Haikutikisika. Akapanga miguu, akavuta tena mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Betri ilinyanyuka unene wa kidole, ikaangukia mahali pake.

Alirudi akipangusa mikono.

"Mgongo wako unauma, mzee? Unatembea kama umebeba gunia."

"Diski. Miaka mingi."

"Sasa ile betri ulibebaje?"

Nukta aligeuza uso ukutani.

"Kwenda na kurudi," Msumari alisema. "Maana mliirudisha. Polisi waliikuta kwa mama, imechomekwa vizuri. Nani alishika upande wa pili?"

"Mwache huyo. Hana kosa, nilimwomba tu."

"Nani?"

"Mdogo wangu," Nukta alisema. "Alipita mara mbili kutoka kazini, kabla umeme haujakatika na uliporudi."

"Mume wake."

"Ndiyo."

"Mlipoirudisha, mama alikuwa hai?"

Nukta alisema kama anayetoa kipimo.

"Hatukutazama."

"Mmeinama chini ya kitanda chake. Kichwa chake kiko hapa, nyinyi mko hapa."

"Tulichomeka tukatoka. Hatukutazama."

Msumari alikuwa ameshatoa simu. Upande wa pili askari wa kaunta akaitika, na nyuma yake zikasikika karatasi zikigongwa mezani zilingane.

"Karani ameshafika, afande. Mwanamke amekubali. Kalamu iko mkononi."

"Mnyang'anye."

"Afande?"

"Kalamu. Mnyang'anye mkononi sasa hivi, halafu ndiyo uniulize kwa nini. Na mume yupo?"

"Yupo, kamshikia karatasi isipeperuke."

"Asitoke."

*

Mvua ilikuwa imekata. Msumari aliingia kituoni na Nukta mbele yake, amefungwa pingu, bado na soksi, zimelowa tope. Mkuu wa kituo alitoka ofisini akitaka kufoka, akaona pingu, akaona uso wa Msumari, akakumbuka ana simu ya kupiga.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti cha karani. Mbele yake karatasi, na kwenye karatasi alama ya wino ndefu, pale kalamu ilipong'olewa. Mumewe alisimama kando yake, mkono begani kwake.

"Afande, amekwisha kukubali," mume alisema. Kisha akamwona kaka yake. Mkono ukatoka begani.

"Hukuua mtu," Msumari alimwambia mwanamke. Hakutafuta maneno laini, hakuwa nayo. "Mkweo hakuwa na betri. Ilikuwa chumbani kwa shemeji yako, kwenye chombo chake. Bi Mkubwa aliyekuwa kwenye betri ni hicho chombo. Kinaitwa hivyo."

Alilitazama lile jambo kwa muda, mdomo umeachama kidogo, kama mtu anayesomewa barua ya lugha asiyoijua.

"Chombo," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nikasema asante."

"Ndiyo."

Akamgeukia Nukta. Nukta alikuwa akitazama saa ya ukutani ya kituo, ambayo ilikosea vibaya sana.

"Betri ile nzito," mwanamke alisema. "Mimi naijua. Siku ilipoletwa walibeba wawili." Msumari angeweza kumsaidia, lakini alimwacha afike mwenyewe, na pengine huo ndio ulikuwa ukatili mkubwa kuliko wote wa siku ile. Mwanamke aligeuza shingo pole pole mpaka macho yakafika kwa mumewe.

"Ulisema ulikuwa kazini."

"Nilipita tu," mume alisema. "Kaka aliniambia ni muda mfupi."

"Ulipita. Mimi niko uani nafua, wewe umo ndani."

"Sikutaka kukusumbua."

"Na karatasi?"

"Mke wangu, elewa. Kaka angefungwa angekufa. Ana mgongo, ana presha. Wewe una nguvu. Wewe ungevumilia."

Nukta alifumba macho aliposikia neno hilo. Karani wa mahakama, aliyekuja kuchukua saini moja tu, aliinamia viatu vyake.

Mwanamke alisimama. Hakupiga kelele. Alinyoosha kiganja mbele ya mumewe.

"Funguo."

"Ngoja tuongee kwanza, nyumbani..."

"Nyinyi hamwendi nyumbani. Nipe."

Mume alimtazama Msumari, kama anayetarajia kutetewa. Msumari alikuwa akifungua pingu ya pili. Basi akatia mkono mfukoni, akatoa kifungu cha funguo, akaanza kuchomoa ya mlango wa mbele.

"Zote," mkewe alisema. "Na ya uani."

Akampa zote. Vidole vyao havikugusana.

Alivuka chumba akiwa pekupeku, watu wakimpisha. Kwenye kaunta askari alimsukumia daftari na kalamu, kwa mazoea, bila kumtazama.

"Mama, saini hapa kwamba umetoka."

"Leo sisaini kitu," alisema, akasukuma mlango.